Baridi kali ya theluji: banda la kuku lizibwe au liachwe na hewa?

Mfugaji wa Uani ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Ninafuga kuku 12 na bata 4 nyuma ya nyumba, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa kuwavusha katika baridi ya kweli, ile ya theluji na barafu. Utabiri wa hali ya hewa unaonyesha kwamba kuanzia wiki ijayo halijoto ya usiku itashuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri na kubaki huko kwa siku kadhaa. Wote hulala banda moja; ni la mbao, lina madirisha mawili madogo upande mmoja, na chini ya paa kuna upenyo mrefu ambao fundi aliuacha kwa ajili ya hewa. Nusu ya upenyo huo imezibwa kwa ubao tangu wakati wa mvua.

Mambo mawili yananitia wasiwasi hata kabla baridi yenyewe haijafika. Asubuhi ninapofungua mlango ninakuta vioo vya madirisha vimelowa kwa ndani, na ncha za misumari zilizotokeza darini zimefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Tena jogoo, ambaye ni wa aina yenye upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) mkubwa uliosimama, ameanza kuonyesha vidoa vyeupe kwenye ncha za upanga wake. Nyumbani ninashauriwa kuuziba upenyo wote kwa magunia, kuning'iniza taa ya joto ya wati 250 juu ya vichanja, na kuongeza mahindi katika chakula kwa sababu mahindi "huchemsha damu". Mfugaji mwingine ameniambia kinyume kabisa: niwaache walivyo, kwa kuwa ndege amezaliwa na koti lake.

Naomba kuelimishwa hasa kuhusu mambo matatu: kama banda lizibwe au lisizibwe, kama taa ya joto inafaa, na namna ya kuwanywesha wakati maji yanaganda muda mfupi tu baada ya kumiminwa. Lolote kuhusu bata nitalipokea pia kwa shukrani.

Kichanja cha Juu amejibu:

Ndugu mfugaji, usizibe upenyo huo. Ningekuwa mimi, ningeondoa na ule ubao leo hii, kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Sakitu unayoiona kwenye misumari ni maji yaliyotoka ndani ya ndege wako wenyewe. Kuku mmoja wa mayai hunywa takribani robo lita ya maji kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi bandani kwa njia mbili: pumzi yake, na kinyesi chake, ambacho kikiwa kibichi karibu robo tatu yake ni maji. Hewa yenye joto na mvuke hupanda juu. Ikikosa pa kutokea, hugusa dari na vioo vya baridi, ikageuka matone, na matone yakageuka sakitu. Banda lililozibwa kabisa huwa na joto zaidi kidogo kuliko nje, lakini hewa yake ina unyevu, na hewa yenye unyevu ndiyo inayomdhuru ndege. Joto la mwili wa kuku ni takribani nyuzi 41, na kinacholihifadhi ni hewa kavu iliyonaswa kati ya manyoya anapojitutumua. Manyoya yakipata unyevu hulala, hewa hiyo hutoweka, na ndege huanza kupoteza joto hata katika baridi ambayo angeimudu bila shida. Upanga na ndevu (nyama zinazoning'inia chini ya mdomo) hazina manyoya ya kuzikinga hata kidogo, kwa hiyo unyevu ukitua hapo katika baridi iliyo chini ya sifuri, nyama yake huganda. Vidoa vya jogoo wako na maji ya kwenye vioo, kwa maoni yangu, vina chanzo kimoja.

Kuna pia suala la amonia. Gesi hiyo hutoka kwenye kinyesi kilicholowa, nayo huharibu macho na njia ya hewa ya kuku kabla mfugaji hajaona ugonjwa wowote. Inama hadi usawa wa vichanja asubuhi, kabla ya kufungua mlango wazi, uvute pumzi. Ukisikia ukali puani, hewa ya humo haitoshi, hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ya kufurahisha.

Hata hivyo, yule aliyekuambia uache kila kitu wazi hayuko sahihi pia. Hewa inapaswa kupita juu ya vichwa vya ndege, wala si kupiga vifuani mwao. Matundu yaliyo chini ya paa yabaki wazi usiku na mchana. Nyufa zilizo usawa wa vichanja na chini yake zizibwe kwa uangalifu, ikiwa ni pamoja na ile nafasi ya chini ya mlango ambayo wengi huisahau. Kuna kipimo rahisi: funga utepe mwepesi kwenye kichanja usiku wenye upepo, uumulike kwa tochi. Ukiwa umetulia, banda lako liko sawa; ukiwa unapepea, tafuta ufa ulipo.

Vichanja vyenyewe navyo vitazame. Fito nyembamba ya mviringo humlazimisha kuku kuikumbatia kwa vidole, na vidole hivyo hubaki nje kwenye baridi usiku kucha. Ubao bapa wenye upana wa sentimita 8 hadi 10 humwezesha kuikalia miguu yake na kuifunika kwa manyoya ya tumbo. Sakafuni weka maranda makavu yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, uyapindue kila baada ya siku chache na kuongeza mengine juu, na kinyesi cha chini ya vichanja kiondoe kila asubuhi, kwa sababu hapo ndipo unyevu mwingi wa usiku unapokusanyika.

Nina swali moja. Umesema bata wanalala humo humo. Je, wana ndoo ya maji ndani?

Mfugaji wa Uani amejibu:

Ndiyo, ndoo ipo usiku wote, nami huikuta imeganda juu. Maranda yanayoizunguka huwa yamelowa kila asubuhi, lakini nilidhani hiyo ndiyo hali ya kawaida ya bata.

Mwenye Bata amejibu:

Ni hali ya kawaida ya bata kweli, na ndiyo sababu bata na kuku hawapaswi kulala chumba kimoja katika msimu huu. Bata hurusha maji kila anapokunywa, kinyesi chake ni majimaji kuliko cha kuku, naye hulala sakafuni, yaani juu ya unyevu aliouleta mwenyewe. Mwenye bata 4 na ndoo ndani ya banda dogo ana chanzo cha mvuke ambacho matundu ya kawaida hayatakimaliza.

Ukiweza, watenge. Bata hahitaji jengo la kifahari. Kibanda cha pande tatu chenye paa, kilichopewa mgongo upande unaotoka upepo, kikawa na mlango wa kuzuia wanyama wanaokula ndege na nyasi kavu nyingi sakafuni, kinamtosha bata wa kawaida mwenye afya. Miguu yake imeumbwa kwa namna ya ajabu: mishipa inayopeleka damu ya moto chini hupita bega kwa bega na ile inayorudisha damu baridi juu, hivyo joto huhamia kwenye damu inayorudi kabla ya kufika kwenye vidole. Miguu hubaki ya baridi bila kuganda, na mwili haupotezi joto jingi kupitia hapo. Bata wenye nyama nyekundu usoni, wale wasiopiga kelele, ni wa asili ya nchi za joto. Uso wao huganda kama upanga wa kuku, kwa hiyo kama wako ni wa aina hiyo wape kibanda kilichofungwa vizuri zaidi.

Maji hayahitajiki ndani usiku. Kuku hanywi gizani, na bata wangu hulala bila maji mradi chakula nacho kiwe kimeondolewa, kwa kuwa bata akila pasipo maji anaweza kukabwa. Mchana, lakini, chombo chao kiwe na kina cha kuweza kuzamisha pua na kuosha macho. Bwawa la kuogelea linaweza kusubiri hadi baridi ile kali ipite.

Kuhusu kuganda kwa maji, njia inayofaa zaidi ni kitako chenye umeme kinachowekwa chini ya chombo cha chuma na kuwaka chenyewe maji yanapokaribia sifuri. Hakikisha waya wake haufikiwi na midomo, na kwamba umechomekwa mahali pasipofikiwa na maji. Asiye na umeme atumie mabakuli mawili ya mpira mzito kwa zamu: moja likiwa nje na maji ya uvuguvugu, jingine linayeyuka ndani ya nyumba. Bakuli la mpira unalikunja na kulibamiza chini, barafu ikatoka nzima, ilhali la plastiki ngumu litapasuka. Katika nyuzi 25 chini ya sifuri itakubidi uende asubuhi, mchana na kabla ya jua kutua. Usione ni usumbufu wa bure, kwa sababu kuku aliyekosa maji hupunguza kula, na kula ndiko kunakompa joto. Theluji si mbadala wa maji. Atatumia joto la mwili wake kuiyeyusha.

Jambo moja la mwisho ambalo halihusu baridi moja kwa moja. Madimbwi yakishaganda, ndege wa mwituni hufuata maji na chakula chako. Wanyime nafasi hiyo, maana ndege wa majini wanaohama hubeba virusi vya mafua ya ndege, na bata wa kufugwa anaweza kuambukizwa bila kuonyesha dalili kubwa huku akiwaambukiza kuku.

Fundi wa Mabanda amejibu:

Ninakubaliana na waliotangulia kuhusu hewa, lakini kuhusu taa ya joto ninaona swali limebaki bila jibu, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Taa ya wati 250 ikining'inizwa juu ya maranda makavu, vumbi la manyoya na ndege wanaoruka ni moto unaosubiri kuanza. Mnyororo ukikatika, taa ikaanguka, banda la mbao huteketea kabla ya mtu kufika. Mbali na moto, kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: kuku hujijengea uwezo wa kustahimili baridi kidogo kidogo, manyoya yakijaa na mwili ukizoea. Anayelala chini ya taa kila usiku haufikii uzoefu huo, na umeme ukikatika saa tisa usiku, wakati wa dhoruba, atatupwa ghafla katika baridi ambayo mwili wake haujawahi kuikabili. Na dhoruba ndizo zinazokata umeme.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema kwamba joto ni mwiko kwa kuku yeyote. Vifaranga wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa takribani nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yatimie, na hilo halina mjadala. Mtetea anayenyonyoka manyoya katikati ya baridi, mgonjwa, mzee aliyekonda, na wale wenye manyoya laini kama sufi au shingo tupu, wote hao wanaweza kuhitaji msaada. Kwao ninapendekeza bapa la umeme linalotoa joto la taratibu, lililofungwa ukutani kwa skrubu. Huwa na wati chache zaidi, haliwi jekundu, na ndege husogea karibu nalo apendapo. Lengo lisiwe kulifanya banda zima liwe na joto. Nyuzi chache tu karibu na kichanja zinatosha.

Kabla ya kufikiria umeme, pima ukubwa wa banda. Kuku 12 ndani ya chumba kirefu chenye dari ya juu hawawezi kufaidi joto la miili yao wenyewe. Chumba cha kulala kikipunguzwa kwa kizuizi cha mbao, kila kuku akabaki na nafasi ya sentimita 25 hivi juu ya kichanja na upenyo wa juu ukaachwa wazi, watalala wamebanana kwa hiari yao na tofauti itaonekana. Kwenye uwanja wao wa nje, funga turubai upande unaotoka upepo, kimo cha kuku na zaidi kidogo, ukiacha sehemu ya juu wazi.

Wanaotilia shaka wakumbuke kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa kaskazini mwa Marekani, penye theluji nyingi, walijenga mabanda marefu kwenda nyuma ambayo mbele yake, upande wa kusini, palikuwa na waya tu, na kuku walilala ndani kabisa ambako upepo haukufika. Nchini Kanada, mtawa mmoja wa abasia (nyumba ya watawa) ya Oka alianza mwaka 1908 kuzalisha kuku wa Chantecler, wenye upanga na ndevu ndogo mno, kwa sababu aliona panga kubwa za kuku kutoka Ulaya zikiganda. Msimu ujao ukitaka kuongeza kuku, chagua kwa kutazama kichwa kwanza.

Mfugaji wa Uani amejibu:

Nawashukuruni nyote. Ubao nimeuondoa, na bata nimewahamishia kwenye kibanda cha kuni. Je, jogoo nimfanyie nini? Nimeshauriwa kumpaka mafuta ya mgando na kumsugua upanga ili damu irudi.

Mganga wa Mifugo amejibu:

Usimsugue. Nyama iliyoganda ina chembe za barafu ndani yake, na kuisugua ni kuikata kutoka ndani. Usimwelekezee kikausha nywele wala kumsogeza kwenye jiko, kwa kuwa sehemu hiyo haihisi, nayo itaungua bila yeye kujua.

Vidoa vyeupe au vya kijivu kwenye ncha tu, kwa ndege anayekula na kutembea vizuri, ni madhara madogo. Mweke mahali pakavu pasipo upepo na uache. Baada ya siku kadhaa ncha hizo zinaweza kuwa nyeusi na ngumu. Usizikate, kwa maana ule weusi hulinda nyama hai iliyo chini yake, na zitadondoka zenyewe. Ukiona uvimbe, malengelenge, majimaji au harufu mbaya, hapo ni suala la daktari wa mifugo, ambaye atatoa dawa ya maumivu na kuamua kama antibiotiki inahitajika. Wenzake wakianza kumdonoa, mtenge.

Ikiwa ni vidole au nyayo zilizoganda, mtie miguu katika maji ya nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 20 au zaidi, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo pembeni ili yasipoe, kisha mkaushe kabisa. Baada ya hapo abaki mahali pasipoganda mpaka apone. Kiungo kilichoyeyushwa kikaganda mara ya pili huharibika zaidi kuliko kama kingeachwa, kwa hiyo usianze kazi hiyo kama unakusudia kumrudisha nje usiku huo huo.

Mafuta ya mgando hayana madhara yakipakwa kwa wembamba kabla ya baridi, ila mimi sijashawishika kwamba yanazuia kuganda; banda kavu linafanya kazi kubwa zaidi. Tarajia pia kwamba uwezo wa jogoo wa kurutubisha mayai unaweza kushuka kwa muda baada ya upanga kuganda. Dalili ya kukuhangaisha ni kuku aliyejikunyata mchana, mabawa yamelegea, asiyesogea hata chakula kinapomiminwa. Kusimama kwa mguu mmoja si ugonjwa.

Kichanja cha Juu amejibu:

Niongezee kuhusu mahindi, kwa kuwa hakuna aliyeyagusa. Hayachemshi damu. Chakula chochote kinaposagwa tumboni huzalisha joto, na mahindi yana nguvu nyingi, basi. Yakizidi yanapunguza protini, ambayo kuku wa mayai anahitaji kiasi cha asilimia 16 ya chakula chake, na zaidi kidogo anaponyonyoka manyoya. Acha chakula cha kawaida kiwepo mchana kutwa. Kuku aliyekuwa akila gramu 110 hadi 120 kwa siku atakula zaidi, usishangae. Jioni, saa moja kabla ya kupanda vichanjani, mwaga mahindi ya kuparaza au ngano nzima, isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, ili alale gole (mfuko wa chakula wa shingoni) likiwa limejaa. Ardhi ikifunikwa na theluji hawapati vijiwe vya kusagia nafaka, kwa hiyo waweke changarawe ndogo kwenye kikopo. Beseni la udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo nalo liwepo ndani, kwa ajili ya kuoga vumbi, kwa sababu utitiri hauondoki kwa baridi.

Mayai yakipungua, sababu kubwa ni mwanga, si baridi. Kuku hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga. Ukitaka kumwongezea, weka taa ndogo ya kawaida iwake alfajiri kabla ya kupambazuka badala ya jioni, ili isizimike ghafla wakiwa bado sakafuni. Binafsi huwaacha wapumzike. Okota mayai mara kadhaa kwa siku. Yai huganda halijoto ikishuka chini kidogo tu ya sifuri, na likipasuka ganda ni la kutupwa.

Mfugaji wa Uani amejibu:

Swali langu la mwisho: siku zenyewe za nyuzi 25 chini ya sifuri, niwafungie ndani mchana?

Mwenye Bata amejibu:

Fungua mlango, uwaachie uamuzi. Safisha njia kwenye theluji na utandaze nyasi kavu hadi kwenye turubai, kwa kuwa kuku wengi hawakanyagi theluji tupu lakini nyasi watazifuata. Kama kuna upepo mkali au theluji inaanguka, funga, uwatundikie kabichi nzima kwa kamba bandani ili wasidonoane kwa uchovu wa kukaa. Bata watatoka tu, hata usipowaita. Wakati wa jioni, kabla ya kufunga, pitisha mkono kwenye vifua vyao na vya kuku pia: aliyelowa asilale hivyo, mkaushe kwanza.